Fundi Sikio na Pikapu ya Vioo

Gereji ya Fundi Sikio haikuwa na ukuta wa mbele. Ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo za chuma alizozichomelea mwenyewe, shimo la kuingilia chini ya gari, benchi lenye jiwe la kusagia, na ukuta mmoja wa nyuma ulioning'inizwa mabomba ya ekzosi ya kila urefu. Upande mmoja alipakana na mziba pancha, upande wa pili na duka la rangi. Hakuwa fundi wa kila kitu. Injini hakufungua, umeme hakugusa. Kazi yake ilikuwa ekzosi: kuchomelea bomba lililotoboka, kubadili sailensa iliyooza, kufunga raba zinazoshikilia bomba chini ya gari, na kutafuta kelele.

Kutafuta kelele ndiko kulikompa jina. Miaka ya mwanzo watu walizoea kumkuta ameketi kwenye benchi, ameipa barabara mgongo, anakunywa chai. Gari linakata kona, naye bila kugeuka anasema, "Hilo raba yake ya nyuma imekatika," au, "Hilo sailensa imeoza tumboni." Likisimamishwa juu ya shimo, mambo ni yaleyale aliyoyasema. Mziba pancha akaanza kumwita Sikio, kwa utani, na jina likamganda. Hata mkewe, akiwa amekasirika, alimwita hivyo.

Lakini kazi iliyompa jina ndiyo iliyokuwa ikimla. Jiwe la kusagia, nyundo juu ya bomba, ekzosi zilizo wazi zikinguruma sentimita chache kutoka kichwani. Pamba ya masikioni hakuwahi kuweka. Akiziba masikio, angesikiaje kazi? Sauti nyembamba ndizo zilizoanza kuaga, na ziliaga kimyakimya. Kwanza kengele za baiskeli. Kisha mlio wa simu mfukoni. Kisha ndege wa asubuhi, ambao yeye alidhani wamehama mtaa.

Alifanya wanachofanya wengi: alificha. Wenzake wakicheka, alicheka. Akiulizwa jambo ambalo hakulidaka, alijibu, "Hayo ndiyo mambo," jibu linaloingia karibu kila mahali. Simu aliacha kupokea. Alisema mikono ina grisi, mtu amtumie ujumbe. Mteja akizungumza injini ikiwa inawaka, alimwambia azime kwanza, "Tuheshimiane." Na ekzosi zenyewe zilimsaidia kuficha. Mngurumo mzito aliusikia bado, na bomba lililotoboka hujitaja lenyewe kwa masizi yake. Zilizompotea ni kelele ndogondogo: bati linalocheza, bolti iliyolegea, chuma kinachosugua chuma kwa mbali.

Hali hiyo ingeendelea kama si pikapu ya shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa fundi vioo. Alikata vioo vya madirisha na vya kabati, akavipeleka mwenyewe na kuvifunga. Pikapu yake ilikuwa nzee kiasi kwamba rangi yake ya kwanza walibishana yeye na mkewe: mmoja alisema kijani, mwingine alisema buluu. Nyuma alikuwa ametengeneza fremu ya mbao yenye umbo la paa la nyumba, akaivika zulia kuukuu, na vioo viliegemea hapo vikiwa vimesimama, vimefungwa kwa mikanda. "Kioo husafiri kimesimama," alipenda kusema. "Ukikilaza, umekizika."

Siku ya kwanza alikuja akiwa na wasiwasi tu.

"Shemeji, hili gari linalia."

"Linalia wapi?"

"Chini. Nikiwasha asubuhi ni kama mtu anatikisa sahani za bati. Halafu nikiwa na mzigo, nikipanda mlima, gari zima linatetemeka. Usukani, kiti, mpaka meno. Juzi kioo cha dirisha kimepasuka na sijagonga hata kijiwe."

Fundi Sikio alimwambia awashe. Aliinamisha kichwa kama kawaida yake, akasubiri. Alichosikia ni injini, basi. Akaingia shimoni, akakuta raba mbili za bomba zimechakaa, akaweka mpya. Hapo hakudanganya, raba zilikuwa zimekwisha kweli. Alipopanda juu, shemeji aliwasha tena.

"Nadhani limetulia sasa," Fundi Sikio alisema.

Shemeji alimtazama usoni kuona kama ni utani. Bati chini ya gari lilikuwa likilia ngri-ngri-ngri hata mziba pancha akageuza kichwa. Lakini aliyesema limetulia alikuwa Sikio. Mtu hupata shida kubishana na jina kama hilo. Shemeji akaondoka akijiuliza kama masikio mabovu ni yake.

Alirudi mara ya pili na maneno yaleyale, akaondoka na jibu lilelile.

Mara ya tatu alikuja mchana, bila kutuma ujumbe, kioo bado kikiwa juu ya fremu. Kilikuwa kioo kikubwa cha kujitazamia, kilichoagizwa na mwenye saluni aliyekuwa akijiandaa kufungua. Kilikuwa kimepasuka kutoka pembe ya juu mpaka pembe ya chini.

"Njoo ujitazame," shemeji alimwambia.

Fundi Sikio alisogea. Alijiona vipande viwili, bega moja juu kuliko lingine.

"Kilipasukia wapi?"

"Kwenye mwinuko ule wa baada ya daraja. Shemeji, utani wetu ni wa nyumbani. Kwenye kazi tusifanyiane hivi."

"Utani gani? Raba si nimekuwekea?"

"Nakwambia gari linalia, unaniambia limetulia. Mara mbili! Hata mtoto mchanga angesikia."

"Labda uendeshaji wako ndio mbaya."

Alijua kuwa neno hilo ni baya kabla halijamtoka vizuri, lakini neno si gari, halina rivasi. Shemeji alifunga turubai juu ya kioo chake kilichovunjika, taratibu, fundo kwa fundo, kama mtu anayefunika maiti. Akasema atatafuta gereji nyingine, akaondoka.

Dada alikuwa fundi cherehani. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea mdogo wake: alimfunga vifungo vya shati, alimchapa, alimbembeleza, na alimtafutia mchomeleaji wa kumfundisha kazi. Siku iliyofuata alimwita nyumbani kwake, na Fundi Sikio akaenda akiwa amejiandaa kujitetea. Alimkuta chumba cha mbele, ameinamia cherehani, meza imejaa vitambaa vya sare, pini zimemjaa mdomoni. Alivyozoea kushona, dada aliweza kuzungumza na pini zake mdomoni bila kudondosha hata moja, na wateja wake wote walimwelewa.

"Umekula?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Hayo ndiyo mambo, dada."

Cherehani ikasimama. Dada alibaki ameinama vilevile.

"Nimekuuliza, umekula?"

"Basi tu, ndiyo maisha. Lakini na yeye alinikasirisha."

Dada aliinua kichwa. Alizitoa pini mdomoni, akazichoma kwenye kitakia chake, akainuka kama anayekwenda kufungua dirisha lililokuwa nyuma ya kiti cha mdogo wake. Akiwa huko aliuachia uanguke mkasi aliouchukua mezani. Ulikuwa mkasi mkubwa wa kukatia, wa chuma kitupu, na sakafu ilikuwa ya saruji. Mbwa wa jirani alibweka. Fundi Sikio aliendelea kukitazama kitambaa kilichokuwa mezani, akisubiri kugombezwa.

Dada aliuokota mkasi, akarudi kukaa mbele yake.

"Kesho asubuhi usiende popote," alisema, safari hii uso kwa uso. "Nakuja gerejini."

Kumshawishi mumewe kulimchukua jioni nzima. Hakumwambia sababu, alimwambia tu kwamba kama anataka kumlaumu shemeji yake, amlaumu kwa kosa la kweli. Asubuhi walikuja pamoja na pikapu, yeye akiwa mbele, mume akiwa na uso uliokunjwa kama turubai.

"Mwambie," dada alisema mara aliposhuka.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba husikii."

Fundi Sikio alicheka kidogo. "Nasikia. Sasa hivi si tunaongea?"

"Wewe unasoma midomo yangu. Geuka huko."

Angeweza kukataa. Alikuwa mtu mzima, yuko gerejini kwake, na mziba pancha alikuwa ameacha tairi ili atazame. Lakini sauti ile ilikuwa imemwambia ageuke tangu enzi za kuoshwa shingo, na mwili ukatii kabla kichwa hakijaamua. Aligeuka, akayatazama mabomba ukutani. Dada alichukua funguo za pikapu mkononi mwa mumewe, akazinyanyua nyuma ya kichwa cha mdogo wake, akazitikisa. Akazitikisa tena, kwa nguvu, sikio la kulia, sikio la kushoto.

Mdogo wake alisimama wima, mikono imening'inia, akisubiri.

"Bado hujaanza?" aliuliza.

Hasira ambayo shemeji alikuja nayo imejaa kifuani ilikosa mahali pa kushika. Alizipokea funguo zake, akazizuia zisilie, ingawa kwa mtu aliyekuwa mbele yake haikuleta tofauti.

Fundi Sikio alipogeuka aliziona nyuso zao, na funguo, akaelewa. Alikaa kwenye benchi. Kwa muda alijifuta mikono kwa kitambaa, mikono iliyokuwa safi.

"Tangu lini?" shemeji aliuliza, akijipanga mbele yake ili aonekane.

"Sijui. Inakwenda polepole, kama oili inayovuja. Hujui mpaka uangalie kijiti cha kupimia."

"Na ulikuwa unanyamaza?"

"Fundi Sikio asiyesikia, nani atamletea gari?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," dada alisema. "Wewe una bahati. Umeumbuliwa na kioo cha saluni."

Mziba pancha ndiye aliyecheka wa kwanza, kisha akajuta, kisha akaona Fundi Sikio mwenyewe anacheka, akaendelea.

Waliianza kazi palepale. Dada alisema yeye atasikia, mdogo wake atashika. Gari lilikuwa limepoa wakati wakizungumza. Shemeji aliwasha, na dada akachuchumaa kwenye kila gurudumu, kanga ameikaza kiunoni, kichwa chini ya bodi.

"Hapa," alisema karibu na mlango wa dereva. "Bati na bati. Kama kifuniko cha sufuria maji yakichemka."

Fundi Sikio aliingia shimoni na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Akaishika mpini, ncha akaigusisha kwenye bomba: mtetemo wa kawaida, mzito, wa injini. Akaisogeza kwenye bati jembamba lililo juu ya bomba, lile linalozuia joto lisipande sakafuni. Mpini ukamtekenya kiganja kama nyuki aliyefungiwa ngumini. Bolti mbili za bati hilo zilikuwa zimeliwa na kutu, vichwa vimekatika. Akalizungushia bati na bomba mkanda wa chuma, akaukaza.

"Limenyamaza," dada alisema kutoka juu, na akarudia kwa kidole gumba alichokishusha chini ya bodi, kwa kuwa mdogo wake alikuwa shimoni na hakuuona mdomo wake.

Ilibidi amwamini. Hiyo nayo ilikuwa kazi ngeni kwake.

Shemeji alitaka kufurahi, lakini Fundi Sikio alitikisa kichwa. "Hilo ni kelele tu. Bati jepesi namna hii haliwezi kukutetemesha meno, wala kuvunja kioo. Kuna kingine. Linatetemeka lini hasa?"

"Nikiwa na mzigo. Kupanda mlima."

"Ukitoka tu nyumbani?"

Shemeji alifikiri. "Hapana. Nikishakwenda kidogo."

"Yaani likishapata moto." Alisema hivyo zaidi kwa nafsi yake. Mara zote mbili alikuwa amelipima gari hilo likiwa tupu, limesimama na limepoa. Ni sawa na kumpima mtu homa siku aliyopona.

Waliazima mifuko ya mchanga kwa mwenye duka la rangi, wakapakia. Shemeji alishika usukani, dada akakaa kando yake, na Fundi Sikio akapanda nyuma. Alikaa sakafuni kwenye bodi, akavua viatu, akabandika nyayo na viganja kwenye chuma. Watu barabarani walimtazama. Kwenye tambarare hakuhisi cha ajabu. Walivuka daraja, mwinuko ukaanza, shemeji akashusha gia, akaongeza mafuta. Mara chuma kikaanza kumtetemekea mwilini: kwenye nyayo kwanza, kisha magotini, kisha kwenye mifupa ya makalio. Dada alikuwa akigonga kioo cha nyuma cha kebini kumwambia kwamba naye anausikia, mngurumo kama wa tumbo lenye njaa, lakini hakuhitaji kuambiwa.

Aliinuka, akapiga paa la kebini. "Kanyaga klachi!"

Shemeji alikanyaga. Mtetemo ukakatika mara moja, kama uzi uliokatwa, wakati magurudumu yakiendelea kuzunguka. Akaachia, ukarudi. Akakanyaga, ukaondoka.

"Tugeuze," alisema Fundi Sikio.

Waliporudi gerejini hakungoja bomba lipoe. Kwanza aliwaeleza, akihesabu kwa vidole vyeusi. Ingekuwa tairi au shafti ya kwenda nyuma, kukanyaga klachi kusingesaidia kitu, kwa sababu vyote hivyo vilikuwa bado vinazunguka. Kinachonyamaza klachi ikikanyagwa ni kile kinachopata taabu injini ikivuta. Akamwambia shemeji afunge breki zote, aweke gia, aachie klachi kidogo tu, kama anayetaka kuondoka halafu akaghairi. Yeye akafungua boneti akatazama. Injini iliinuka upande mmoja, kama mtu mzito anayejaribu kunyanyuka kwenye kiti kifupi, kisha ikaanguka tena.

Raba inayokaliwa na injini upande ule ilikuwa imechanika. Kwa juu ilionekana nzima, imefunikwa oili na vumbi. Kwa chini ilikuwa midomo miwili.

Aliingia shimoni na taa. Pale ekzosi inapopita chini ya chuma kinachounganisha chesisi pande mbili, kila kitu kilikuwa cheusi isipokuwa doa moja lililosuguliwa mpaka likang'aa kama jino la dhahabu. Alimwita dada na shemeji washuke waone.

"Bomba likipata moto hurefuka," aliwaambia. "Likiwa baridi, hapa kuna nafasi ya kupitisha kidole. Likirefuka, na injini nayo ikilala upande kwa ajili ya mlima, linalalia hiki chuma. Basi injini yote inatetemekea kwenye chesisi, chesisi kwenye bodi, bodi kwenye fremu yako."

"Na fremu kwenye kioo," shemeji alimalizia.

"Na kioo hakina pa kuupeleka mtetemo."

Raba ya injini haikuwa kazi yake. Alimwita fundi injini wa mtaa wa pili, ambaye alikuja na jeki yake na kuweka mpya huku akilalamika juu ya bolti kama mafundi wote wa injini. Yeye alilipasha bomba moto, akalikunja kidogo pale kwenye doa, likapata nafasi hata likirefuka. Kesho yake walipanda tena mwinuko ule na mifuko ya mchanga. Dada alisema hasikii kitu. Fundi Sikio, miguu peku nyuma, alisema hasikii kitu pia, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu wote wawili walikuwa na maana moja.

Kioo kipya cha saluni kilifika salama. Shemeji aliendesha kama aliyebeba mayai, ingawa hakukuwa tena na haja.

Habari ya masikio ya fundi ilienea kwa kasi ambayo habari za namna hiyo huwa nazo. Baadhi ya wateja waliondoka. Dereva mmoja wa lori alisema fundi wa kelele asiyesikia ni sawa na mpishi asiye na ulimi, na maneno hayo yalimfikia mwenyewe, kwa kuwa mziba pancha alimrudishia polepole, akiyatamka vizuri. Yalimuuma. Lakini wengi walibaki, na taratibu za gereji zikabadilika. Mteja aliyelalamikia kelele aliambiwa asimame mbele ya fundi na kuiigiza. Watu wazima, wengine na tai shingoni, walisimama barabarani wakisema "ngwa-ngwa-ngwa" au "trrr, halafu tik," na fundi aliuliza, "Ikiwa baridi au ya moto? Mlima au tambarare?" Kisha alichukua bisibisi yake yenye mpini wa mbao na kushuka. Alikosea mara chache kuliko miezi ya kujificha.

Dada ndiye aliyempeleka hospitali. Mpimaji alimvisha vipokea sauti vya masikioni, akamwambia anyooshe mkono kila akisikia mlio, na mkono ulikaa mapajani kwa muda mrefu. Aliambiwa kilichokufa ndani ya sikio hakifufuki. Kilichobaki kinaweza kusaidiwa na kifaa cha kusikilia, na kulindwa kwa vizibo kazini.

"Ningekuja mapema?"

"Ungekuwa umebakiwa na zaidi," mpimaji alisema, na akaendelea kuandika.

Kifaa kilipokuja hakukipenda. Gerejini alikivua, kwa kuwa mlio wa jiwe la kusagia ulimchoma kichwa mpaka kwenye jicho. Huko alivaa vizibo na kutumia mikono. Nyumbani alikivaa kwa sababu dada aliapa kuja kukagua. Jioni ya kwanza aliketi sebuleni akishangaa kelele za nyumba yake mwenyewe: kandambili za mkewe sakafuni, maji kwenye bomba, mlango wa kabati uliohitaji mafuta.

Mkewe alikuwa jikoni. Alisema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, "Chumvi nayo imekwisha."

"Nitakuletea," alijibu.

Kijiko kililia kwenye sufuria, kisha kikanyamaza. Mkewe alikuja akasimama mlangoni.

"Umenisikia?"

"Si umesema chumvi?"

Hakuwa mwanamke wa kulia ovyo, na hakulia. "Siku zote hizi nasema na ukuta," alisema. "Mimi nilidhani umenichoka."

Lile jibu la siku zote lilimjia Fundi Sikio ulimini, akalimeza. Alisimama, akavaa viatu, akaenda dukani kununua chumvi. Mkewe akatoka naye, akisema anataka kunyoosha miguu.